Muswada wa Kumbukumbu za Mwanajeshi Aliyefariki: Jinsi ya Kuamua Uende Wapi

Mwanajeshi mstaafu anapofariki, vinavyokumbukwa kwanza ni vitu vinavyoonekana: medali, sare, picha ya kikosi iliyotundikwa ukutani. Muswada huibuka baadaye, mtu anapofungua droo ya chini kutafuta cheti cha pensheni. Anakuta rundo la karatasi zilizopigwa taipu, au madaftari yaliyofungwa kwa kamba, au faili kwenye kompyuta kuukuu. Hapo hapo swali linaruka: tuchapishe au tusichapishe?

Swali hilo ni la mwisho, na familia nyingi hulianza nalo. Wanaosema tuchapishe hukimbilia kwa mpiga chapa kabla hata mtu mmoja hajausoma muswada wote. Wanaosema nani atasoma huurudisha kwenye droo, na unyevu na wadudu huamua badala yao. Muswada unaweza kuwafikia wanaouhitaji bila kuwa kitabu cha dukani, na unaweza kuwa kitabu bila kumuumbua mtu, ila mambo yafuate utaratibu wake. Huo ndio ninaoueleza hapa.

Hatua ya 1: Usipange upya chochote

Usipange kurasa upya, usichomoe barua zilizopachikwa katikati ya daftari, usitupe bahasha. Mpangilio aliouacha ni sehemu ya ushuhuda wake. Picha iliyopachikwa kwenye ukurasa fulani huenda ndiyo sura ya yule sajini ambaye ukurasa huo haumtaji jina. Ukiihamishia kwenye albamu, umeukata uzi ambao hakuna atakayeuunga tena. Piga picha kila droo na kila boksi vilivyo kabla ya kuinua kitu. Kisha kila kilichopachikwa kiwekee kipande cha karatasi chenye maelezo, kwa penseli: kilikuwa wapi, kati ya ukurasa upi na upi.

Halafu tafuta matoleo mengine. Anayeandika vita vyake haandiki mara moja akamaliza. Anaandika, anaacha miaka, anarudi, anaanza upya. Inaweza kuwepo nakala ya kaboni, rasimu ya zamani iliyo wazi zaidi kuliko ile safi, au nakala aliyompa mwenzake wa kikosi. Waulize wenzake walio hai mapema, kwa sababu wao ndio wanaojua majina yaliyofichwa nyuma ya herufi za mwanzo, na wao pia ni wazee. Kama alijirekodi kwenye kaseti, kabla ya kuisikiliza vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu wa kaseti, ili isije ikarekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Kama aliandika kwenye kompyuta, isiuzwe, isigawiwe, isifutwe hadi faili zote zinakiliwe. Programu huria kama LibreOffice hufungua aina nyingi za faili za zamani ambazo programu za leo hazizitambui.

Hatua ya 2: Iokoe karatasi

Adui wa kwanza wa muswada ni vitu vilivyowekwa kwa nia njema. Klipu na pini za stepla hushika kutu na kuila karatasi. Mpira wa kufungia huyeyuka na kugandamana na kurasa. Selotepu ndiyo mbaya kuliko zote: gundi yake hupenya, hubadilika kuwa ya kahawia na kuacha doa lisilotoka. Klipu iliyolegea iondoe taratibu, ukiisukuma karatasi badala ya kuivuta klipu. Iliyogandia kwa kutu, na selotepu yoyote ya zamani, mwachie fundi wa kuhifadhi nyaraka. Na tafadhali usiufunike ukurasa kwa plastiki ya moto. Hilo halirudi nyuma, na nimeona barua nzuri zikiharibiwa na mtu aliyedhani anazilinda.

Hakuna haja ya glavu kwa karatasi. Mikono safi na mikavu inatosha, na ni salama zaidi, maana glavu hukunyima hisia ya vidole na ukingo uliochakaa huchanika bila wewe kujua. Glavu zitumie kwa picha na negativu. Weka kila kitu kwenye majalada ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi imara, mahali pasipo na jua, mbali na bomba la maji, palipoinuka kutoka sakafuni. Wahifadhi nyaraka hulenga unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 35 na 50. Ukizidi 65 kwa muda, ukungu huanza. Chumba cha kulala kisichopigwa jua ni bora kuliko darini au stoo.

Zikiwa zimelowa, una takriban saa 48 kabla ya ukungu kuota. Zikiwa chache, zianike kwenye kivuli penye upepo. Zikiwa nyingi, zifunge kwenye mifuko kwa mafungu madogo uziweke kwenye friza. Baridi husimamisha uharibifu na kukupa nafasi ya kutafuta msaada.

Hatua ya 3: Tengeneza nakala kabla ya mabishano

Piga skani kwa rangi hata kama maandishi ni meusi, kwa sababu rangi huonyesha wino uliobadilishwa, masahihisho ya baadaye na alama za penseli. Kiwango cha nukta 300 kwa inchi (dpi) kinatosha kwa maandishi ya taipu. Kwa mwandiko mdogo na picha panda hadi 600. Chukua kila upande wa kila karatasi, majalada, na kurasa zinazoonekana tupu. Ukitumia simu, iweke sawasawa juu ya ukurasa, mwanga utoke dirishani pande zote mbili kama inawezekana, na zima ule mpangilio wa programu unaogeuza kurasa kuwa nyeusi na nyeupe.

Hifadhi nakala mama katika muundo wa TIFF na nakala za kusomea katika PDF. Wahifadhi wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Zigawe kwa ndugu wote siku moja. Hili lina faida nyingine isiyo ya kitaalamu kabisa: ugomvi wa nani akae na muswada hupungua sana kila mtu akishakuwa nao.

Hatua ya 4: Usome wote, ukitafuta aliandika kwa ajili ya nani

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapopatikana, kwa hiyo usipite mbio. Soma mwanzo hadi mwisho bila kalamu ya kusahihishia mkononi. Kama wewe ni mtoto wake, usisome peke yako usiku. Kuna mambo ambayo mzazi hakuyasema mezani kwa miaka yote, na kuyakuta kwa maandishi yake mwenyewe kunaweza kukulemea. Mwambie mtu kwamba unasoma, na ukihitaji kupumzika wiki nzima, pumzika.

Angalia anamsemesha nani. Anayewaandikia wajukuu hueleza vitu vidogo ambavyo askari mwenzake asingehitaji kuelezwa: kombania ina watu wangapi, handaki linachimbwaje, mtu analala vipi na buti miguuni. Anayewaandikia wenzake huruka hayo yote na kutaja majina, tarehe na namba za vikosi. Anayeandika ili achapishwe huweka sura, vichwa, pengine dibaji na shukrani. Na kuna anayeandika ili apumue. Huyo hurudia tukio moja mara tatu, kila mara kwa maneno tofauti, bila kulimaliza. Muswada wa namna hii ya mwisho si kitabu kilichoshindikana, na ukiulazimisha kuwa kitabu utaukosea. Lakini kwa mwanahistoria huo ndio wenye thamani kubwa pengine kuliko yote.

Dalili nyingine zimo kwenye karatasi yenyewe. Niliwahi kushika ukurasa ambao jina la mtu lilikuwa limekatwa kwa kalamu mara nyingi hadi karatasi ikatoboka, na juu yake, kwa herufi ndogo, pameandikwa “mwenzangu mmoja”. Mstari uliofuata ulieleza jinsi huyo mwenzake alivyoacha bunduki na kukimbia. Ukiugeuza ukurasa kwenye mwanga, jina lilisomeka bado kwa jinsi kalamu ya kwanza ilivyokandamiza. Mwandishi huyo alikuwa ameshaamua mawili: kwamba watu wasio wa nyumbani watamsoma, na kwamba mwenzake asitiriwe. Hayo ni maagizo kamili, ingawa hayakuandikwa kwenye wosia.

Tafuta pia barua za wachapishaji. Wengi walijaribu wakakataliwa na hawakumwambia mtu. Barua ya kukataliwa inakuambia kwamba alitaka usomwe.

Na kama alisema uchomwe? Uliza alisema lini, kwa nani, na alifanya nini baadaye. Maneno ya hasira ya jioni moja, kisha akaendelea kuusahihisha kwa miaka mingine, si amri. Agizo lililorudiwa kwa akili timamu, au kuwekwa kwenye wosia, lina uzito, na kabla ya kulitekeleza au kulikiuka ongea na mwanasheria na ndugu wote. Ninachokushauri kwa moyo wote ni usichome katika mwaka wa kwanza. Jalada lililofungwa kwa miaka 50 linaweza kumsitiri marehemu karibu sawa na moto, na bado mlango unabaki.

Hatua ya 5: Karatasi ni za nani, maneno ni ya nani

Ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakozaa kesi. Mwenye kushika madaftari anamiliki karatasi. Haki ya kuyachapisha maneno ni hakimiliki, nayo hurithiwa peke yake. Dada aliyepewa boksi hana kwa hilo peke yake haki ya kutoa kitabu, na kaka aliyerithi hakimiliki hawezi kwa hilo peke yake kunyang'anya boksi. Kama wosia hautaji maandishi, hakimiliki kwa kawaida huingia kwenye mali iliyobaki na kusimamiwa na msimamizi wa mirathi, kisha hugawiwa warithi. Pata ridhaa ya kila mrithi kwa maandishi, hata ya yule aliye mbali anayesema “fanyeni mnavyoona”. Neno hilo liandikwe na lisainiwe.

Muda wake ni mrefu. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini 1886, kazi ya maandishi hulindwa angalau kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kenya na Tanzania zinatumia 50. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya ni 70. Uingereza pia ni 70, ila ina kanuni ya pekee: maandishi ambayo hayakuwa yamechapishwa, ya mtu aliyefariki kabla ya 1969, kwa kawaida yanalindwa hadi mwisho wa 2039.

Jihadhari na vilivyomo ndani ya muswada. Barua alizoandikiwa ni mali yake kama karatasi, lakini maneno ni ya waliomwandikia na warithi wao. Picha ni ya mpiga picha. Ramani aliyoinakili kwenye kitabu ina mwenyewe.

Hatua ya 6: Majina, siri, na yale yaliyomshinda kusema

Pitia tena muswada, safari hii ukiwa na karatasi ya pembeni, uorodheshe kila mtu anayetajwa kwa ubaya. Weka alama kwa walio hai. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza aliyekufa hawezi kudai kukashifiwa, lakini aliye hai anaweza, na anayeshitakiwa ni wewe uliyechapisha. Nchi nyingine zinamlinda hata marehemu: sheria ya jinai ya Ujerumani inaadhibu kutukana kumbukumbu ya aliyekufa. Na sheria ikikuruhusu bado kuna utu. Mama wa mtu, au mtoto wake, anaweza kuwa anasoma kwa mara ya kwanza jinsi ndugu yake alivyokufa. Kama familia iliambiwa alikufa papo hapo na muswada unasema aliteseka usiku kucha, watafute uwaambie kabla kitabu hakijawafikia. Kumbukumbu za wafu wa vita zinaweza kukusaidia kuhakikisha jina. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917, inatunza kumbukumbu za wafu wapatao milioni 1.7 wa vita kuu mbili za dunia, na orodha yake inatafutika kwenye intaneti bila malipo.

Kuhusu siri za kijeshi, pima alifanya kazi gani. Askari wa miguu wa vita vya zamani sana mara chache ana siri iliyo hai. Aliyekuwa kwenye upelelezi, mawasiliano ya siri au vikosi maalumu ni habari nyingine. Vikosi maalumu vya Uingereza, kwa mfano, husainishwa mkataba wa kutofichua tangu 1996. Marekani ina ofisi ndani ya Wizara ya Ulinzi inayokagua miswada ya waliowahi kushika siri. Ukiwa na shaka, omba ushauri wa mwanasheria kabla ya kuchapisha. Ukikuta hati yenye mhuri wa siri miongoni mwa karatasi zake, usiipige skani wala kuituma kwa mtu. Uliza utaratibu wa kuirudisha.

Sasa lile zito. Baadhi ya miswada ina ukiri: mateka aliyepigwa risasi, kijiji kilichochomwa, mwanamke aliyedhulumiwa na kombania ya mwandishi, naye mwandishi alikuwepo, au alishiriki. Jibu la kwanza la familia ni kuchana ukurasa huo. Nakusihi usiuchane. Chini ya mkataba wa Roma wa 1998 ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, makosa yaliyo chini ya mahakama hiyo, uhalifu wa kivita ukiwemo, hayafutwi na muda, na waliotajwa pamoja naye wanaweza kuwa hai. Kuharibu ukurasa huo kunaweza kuwa kosa la kisheria, na kwa hakika ni kuwanyima waliodhulumiwa shahidi pekee aliyethubutu kuandika. Wala usiutupe mtandaoni kwa pupa ukataja majina ambayo hayajathibitishwa. Ongea na mwanasheria, kisha na hifadhi ya nyaraka inayoweza kuupokea kwa masharti. Marehemu alikuwa na nafasi ya kunyamaza na hakunyamaza. Sidhani ni juu yetu kumnyamazisha.

Hatua ya 7: Chagua mahali

Sasa ndiyo swali la kwanza linafika zamu yake, na limeshapungua ukali. Kwa sehemu kubwa ya miswada jibu langu ni hifadhi ya nyaraka kwanza, chapa ya familia pili, kitabu cha biashara kama kweli kinastahili. Moja halizuii jingine.

Hifadhi inakupa kitu ambacho mchapishaji hana: miaka mia ijayo. Na inauhitaji muswada kuliko unavyodhani, kwa sababu kumbukumbu rasmi za kijeshi hupotea. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka kwenye kituo cha kumbukumbu za watumishi huko St. Louis, Marekani, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, takriban asilimia 80 ya majalada ya walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960 yaliungua. Kwa wengi wao, kilichobaki ni kilichokuwa nyumbani.

Usidhani pia kwamba cheo kidogo hupunguza thamani. Majenerali wameshaandika na wameshaandikwa. Louis Barthas alikuwa mtengeneza mapipa wa Ufaransa na koplo katika vita vya 1914 hadi 1918. Aliyaandika yote kwenye madaftari 19 ya shule, akafariki 1952, na madaftari hayakuchapishwa hadi 1978. Leo huwezi kusoma kwa dhati maisha ya askari wa kawaida wa mahandaki bila kumkuta.

Kuhusu pa kuanzia, jaribu hifadhi ya taifa, makumbusho ya jeshi, maktaba ya chuo kikuu yenye idara ya nyaraka maalumu, na chama cha wastaafu wa kikosi chake. Katika nchi nyingine kuna taasisi za namna hii hasa. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mradi wa historia za wanajeshi wastaafu, ulioanzishwa na Bunge mwaka 2000, unaopokea pia kumbukumbu zilizoandikwa, barua na picha. Makumbusho ya vita ya Uingereza, Imperial War Museums, yana mkusanyiko mkubwa wa nyaraka binafsi. Chuo Kikuu cha Leeds kinatunza mkusanyiko wa Liddle wa vita kuu ya kwanza. Na kuna hifadhi zisizo za kijeshi kabisa, zinazopokea maandishi ya watu wa kawaida: ya Pieve Santo Stefano nchini Italia, iliyoanza 1984, na ya Emmendingen nchini Ujerumani, iliyoanza 1998.

Andika barua fupi kabla ya kutuma chochote. Taja jina lake, miaka aliyotumikia, kikosi, vita, lugha ya muswada, idadi ya kurasa, kama ni mwandiko au taipu, na vitu vinavyoambatana. Weka kurasa mbili au tatu za skani, chagua zenye uhai. Usitume asilia kwa posta bila kuombwa. Ukikataliwa usivunjike moyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba hifadhi hiyo haikusanyi eneo hilo, na mtunzaji mwema atakuelekeza kwingine ukimuuliza.

Chapa ya familia ni nyepesi siku hizi, maana vitabu vinaweza kuchapwa kimoja kimoja kadiri vinavyohitajika. Hata kwa nakala kumi fanya kazi safi: ramani, tarehe ya kuzaliwa na kufariki, ukurasa unaosema nani alihariri na alibadilisha nini. Kama ina ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, au kama sheria ya nchi inataka, peleka nakala kwenye maktaba ya taifa.

Kitabu cha biashara kina masharti yake. Mchapishaji anatafuta sauti, simulizi lenye mwelekeo, na jambo ambalo halijasemwa. Mashirika ya uchapishaji ya vyuo vikuu ndiyo yanayovumilia zaidi muswada usio na umbo la riwaya lakini wenye uzito. Anayekusifia muswada kupita kiasi kisha akakutajia gharama unazopaswa kulipa wewe, huyo anauza huduma ya kupiga chapa kwa familia iliyofiwa. Mchapishaji wa kweli hakudai fedha ili akuchapishe.

Hatua ya 8: Ukihariri, mwache aongee

Weka sheria moja: asilia haiguswi, kazi yote inafanyika kwenye nakala. Anza kwa kuunakili muswada neno kwa neno, makosa yakiwemo. Panaposhindikana kusomeka andika “[haisomeki]” na usibuni. Programu za kusoma mwandiko husaidia, ila zilinganishe na ukurasa mstari kwa mstari, hasa majina ya watu na mahali, ambayo ndiyo zinazoyakosea zaidi na ndiyo yenye thamani.

Kwenye nakala ya kuchapishwa unaweza kurekebisha tahajia na kugawa aya. Usimlainishe. Kama aliandika kwa sentensi fupi zinazogota, ziache zigote. Kama aliwaita maadui kwa jina baya la wakati ule, liache na uweke maelezo chini. Akikosea tarehe ya shambulio kwa wiki mbili, usiisahihishe ndani ya matini. Weka tanbihi inayosema kumbukumbu za kikosi zinataja siku gani. Wakati mwingine kosa ndilo linaloonyesha jinsi siku zilivyochanganyika kichwani mwake, na wakati mwingine yeye ndiye aliyekuwa sahihi na karani wa kikosi akakosea.

Usimalizie sura ambayo hakuimaliza. Inapokatika, ukurasa useme imekatika.

Hatua ya 9: Maandishi ya makabidhiano

Hifadhi itakupa hati ya kusaini. Isome kama unavyosoma hati ya kiwanja. Iseme wazi kama unatoa moja kwa moja au unaazima. Hifadhi nyingi hazitaki kuazimwa kwa muda usiojulikana, na wana sababu, kwa kuwa hawawezi kugharamia utunzaji wa kitu kinachoweza kuondolewa kesho. Iseme hakimiliki inabaki kwenu au inaenda nao. Iseme sehemu gani zinafungwa, hadi tarehe gani kamili. “Hadi familia itakaporidhia” ni sharti baya, kwa sababu baada ya vizazi viwili hakuna ajuaye familia ni nani. Andika mwaka. Iseme pia wafanye nini na vitu wasivyovihitaji: wavirudishe kwako, wavipeleke hifadhi nyingine, au wavitupe.

Pamoja na muswada kabidhi ukurasa mmoja ulioandika wewe: alikuwa nani, alitumikia wapi na lini, aliandika miaka gani na kwa nini kama unajua, muswada ulikutwa wapi, umepitia mikono ya nani, kurasa gani zilikuwa zimepotea tayari ulipoupata. Ongeza orodha ya majina halisi yaliyo nyuma ya lakabu na herufi za mwanzo, na orodha hiyo iwekwe kwenye jalada lililofungwa.

Mwisho, wape hifadhi na mchapishaji anwani ya mtu mmoja wa familia atakayejibu maswali, na wa pili wa kushika nafasi yake. Wasomaji wataandika. Mmoja atasema yule koplo wa sura ya nne ni babu yake, mwingine atatuma picha ya daraja lile lile. Kila barua ya namna hiyo iwekee tarehe, uitunze kwenye jalada moja na nakala zako, na nakala yake uipeleke hifadhini ikaungane na muswada.